Nyumbu wa Bibi Arvilla na Baruti ya Badala

Bibi yangu Arvilla Combs ana miaka sitini na sita, goti moja bovu, jiko la shule nzima ya sekondari ya Kettle Fork, na mzinga. Si wa nyuki. Wa kulipua.

Mzinga wenyewe ni mdogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, umekaa juu ya magurudumu ya mbao, na tunamwita Nyumbu kwa sababu akilia anaruka nyuma kama anapiga teke. Babu Estill alimchonga kwenye karakana ya mgodi. Kwa miaka thelathini na moja, kila timu yetu ya mpira wa Kimarekani ikifunga, Nyumbu analia. Hatiwi risasi, ni baruti na kelele tu. Babu alipofariki, wengine walirithi bunduki na trekta. Bibi akarithi kelele.

Mambo yalikuwa sawa mpaka mzee aliyekuwa anatuuzia baruti nyeusi ya kweli alipofunga duka. Sasa hivi milimani kwetu unapata baruti ya badala tu, ile wanayonunua wawindaji wa paa wenye magobore. Kwenye gobore haina shida, maana risasi inaikandamiza ndani. Ila kwa Nyumbu asiye na risasi, jamani, ni mvivu hiyo baruti! Haishiki moto haraka, na isipobanwa inajiunguza taratibu kama karatasi.

Tuliligundua hilo mbele ya watu elfu moja. Wiki mbili zilizopita vijana wamefunga, Bibi kachoma utambi, uwanja mzima umeziba masikio, halafu: fsssss. Moshi kidogo. Kimya. Bibi akasimama nusu saa nzima bila kumsogelea, kwa sababu mzinga uliogoma unaweza kubadili mawazo ukiwa umeuinamia. Mtu akarekodi. Video ikasambaa na maneno "Nyumbu kajamba". Koment mia tisa. Bibi alizisoma zote, na miwani kabisa.

Jumatatu mkuu wa shule, Bwana Pruitt, akaja jikoni.

"Mama Combs, nakuheshimu sana. Lakini ikitokea tena, tunaweka spika."

"Spika?"

"Inatoa mlio wa mzinga. Safi tu. Unabonyeza kitufe."

Siku hiyo maharage yalikuwa na chumvi ya kuua mtu.

Akapata dawa lakini. Unaweka punje kidogo za baruti ya kweli chini kabisa, pale utambi unapoingilia, halafu pakiti ya ile ya badala juu yake, unaishindilia mpaka ikome. Ile ya kweli inamwamsha mvivu. Shida ni kwamba baruti ya kweli ilibaki kwenye kopo moja la tumbaku la Babu. Inatosha mara mbili. Labda.

Jumamosi ikawa mechi ya siku ile wahitimu wa zamani wanaporudi, mchana kweupe, majukwaa yamefurika. Bibi alikuwa amekesha na masufuria ya nyama na maharage ya watu mia tatu, kwa hiyo kazi ya kufunga pakiti za baruti alimwachia Denzil, mdogo wake Babu. Denzil ni mtu mzuri. Tatizo lake anajua kila kitu.

Pakiti ya kwanza ilishashindiliwa, na punje za Babu chini yake. Bibi akaishika ya pili kuipanga vizuri kwenye sanduku. Mkono ukasimama hewani.

"Denzil. Hii mbona imenenepa?"

"Shemeji, leo unachagua wembamba?"

"Umepima na nini?"

"Na mizani yako ya jikoni. Uzito uleule wa marehemu kaka. Hata punje haijazidi!" Alisema kwa fahari, masikini.

Bibi akawa mweupe kama unga wake.

"Denzil, kilo ya unga na kilo ya pumba zinajaa bakuli moja?"

"Sasa pumba zimetoka wapi?"

"Hii ya badala ni nyepesi! Inapimwa kwa kikombe, kikombe kilekile cha ile nyeusi. Ukiipima kwa uzito unajaza mara moja na nusu, na yenyewe ikibanwa ina hasira!"

Denzil akamwangalia Nyumbu. Mimi nikaiangalia bendi ya shule, watoto arobaini na matarumbeta yao, hatua ishirini kutoka tuliposimama. Nyumbu akipasuka, vipande vya chuma vinawafikia.

Na ndipo hapo, bila shaka, Colby Fugate, mchezaji wetu, akaamua kuwa shujaa. Akaudaka ule mpira wa umbo la yai katikati ya uwanja na kuanza kukimbia. Watu wakasimama. Akapita mmoja, akapita wa pili, na vichwa vikaanza kugeuka, sio kwa Colby, kwetu.

"Choma, Shemeji! Chuma hicho kinene, kitavumilia!"

"Sichomi."

"Spika, Arvilla! Wataleta spika!"

"Toa mkono kwenye utambi kabla sijaukata."

Colby akafunga. Uwanja ukaziba masikio. Bibi akachukua ndoo na kumwaga maji kwenye mdomo wa Nyumbu, taratibu, kama anamnywesha mgonjwa.

Kimya. Halafu mjinga mmoja huko juu: "Fssss!" Jukwaa zima likadakia: "Fssssss!" Watu anaowapikia kila siku!

Pruitt akateremka mbio. "Mama Combs, nilisema..."

"Ulisema. Simama nyuma ya mstari wa usalama."

"Watu wote wale wanacheka!"

"Ndiyo. Wanacheka, na wote wana vidole kumi."

Pruitt akafungua mdomo, akaiangalia bendi, akaufunga.

Tukaitoa ile pakiti iliyolowa kwa fimbo yenye ndoano, tukamsafisha Nyumbu, tukamkausha kwa matambara. Bibi akatoa mfukoni kikombe cha shaba cha Babu na kupima upya yeye mwenyewe. Mimi nikamshikia kopo. Punje za mwisho zikaingia. Akashindilia. Tukasubiri.

Sijawahi kuombea mpira vile. Kila vijana wetu wakisogea, Bibi anafuta viganja kwenye aproni. Wanarudishwa nyuma. Anafuta tena. Hawakufunga tena. Tukalala pointi saba, zile za Colby, kwa ishirini na nne, watu wakaanza kwenda kwenye magari.

"Mkuu," Bibi akasema, "naomba ruhusa nimlize."

"Kwa lipi? Tumefungwa."

"Ameshashiba. Simsafirishi na chakula tumboni."

"Si umwage maji tena?"

Bibi akaweka kiganja juu ya Nyumbu. "Mle ndani kuna baruti ya mwisho ya Estill. Sitaizamisha mara mbili."

Pruitt akatazama uwanja mtupu. Bendi ilishaondoka. Akarudi mwenyewe nyuma ya mstari na kuziba masikio.

"Moto!"

Utambi ukaingia. Moja. Mbili. Tatu. Moshi mwembamba. Nne.

"Mungu wangu, fss tena," Denzil akanong'ona.

"Nyamaza!"

Buuuum!

Nyumbu akaruka nyuma hatua nzima. Kofia ya Pruitt ikamtoka. Ving'ora vya magari vikalia maegesho yote, na waliokuwa wanaondoka wakaanza kupiga honi kushangilia, wakidhani tumefunga.

Pruitt akaokota kofia. "Nani alipima hii?"

"Mimi. Kwa kikombe."

"Na ile ya kwanza?"

Denzil akachunguza viatu vyake.

"Huyu asiguse tena hata chumvi," Pruitt akasema, akaondoka. Habari ya spika hakuitaja. Denzil akasema hiyo ni ndiyo, Nyumbu anabaki. Mimi sina uhakika.

Nyumbani tukamwosha Nyumbu kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, maana masizi ya ile baruti yanakula chuma. Kopo la Babu lilikuwa dirishani. Nikaligeuza juu chini, nikaligonga. Hakuna kitu.

"Bibi, mechi ya Ijumaa tutamwamsha na nini?"

Maji yalishatoka meupe zamani, Bibi akaendelea kusugua tu.