Mwislamu wa Kiti

Shemeji yangu Hassan alikuwa na bucha Majengo ya Embu, na kabla mgongo haujamharibikia alikuwa mtu wa majivuno kuliko wote niliowahi kuwapikia chai. Alisema anaweza kubeba paja zima la fahali kwa bega moja huku akimsalimia kila anayepita. Siku moja akalibeba, akageuka kumsalimia mtu aliyekwisha kupita, na mgongo ukalia. Dada yangu Rahema alimkanda kwa mafuta ya moto wiki nzima. Hassan akasimama, lakini kuinama hakuinama tena.

Kusema kweli, nilimcheka. Shemeji si mtu wa kuhurumiwa mapema. Akiangusha kisu, alibaki amesimama akikitazama kwa heshima hadi atokee mteja wa kumwokotea. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo sikulicheka. Hassan alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na sasa alisali akiwa amekaa kitini, nyuma kabisa, karibu na viatu vya watu. Shekhe alimwambia sala yake ni sawasawa, Mungu hana ugomvi na kiti. Hassan aliitikia, kisha akamwambia dada yangu kwamba akikaa pale hajui kama anasali au anangoja kunyolewa. Alitaka paji lake lifike chini tena, basi. Hakuwa na ombi lingine.

Wakati huo mimi nilikuwa nashona vifungo kwa Maganlal, fundi cherehani wa Kihindi mwenye duka mjini. Maganlal hakula nyama maishani mwake, na akipita mbele ya bucha ya Hassan aliziba pua kwa leso, kwa hiyo urafiki haukuwapo. Hassan alikuja tu kupimwa kanzu ya Idd. Maganlal akapima kushoto, akapima kulia, akarudia, akavua miwani.

"Kanzu hapana taabu," akasema. "Taabu iko kwa mgongo. Upande moja fupi."

Akamweleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupindwa na cherehani, akanyooshwa na yoga, na sasa anawafundisha wenye maduka wenzake uani kwake kila asubuhi. Hassan akauliza kama hiyo yoga ni dawa ya kunywa au ya kupaka.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wachache wakikaa pamoja bila ruhusa ilikuwa kesi. Maganlal alikuwa amepewa ruhusa, kwa sharti kwamba askari akae pale aone kinachofanyika. Askari huyo aliitwa Ndambiri, Mwembu na Mkristo, na alikuwa akikaa juu ya sanduku la sabuni, bunduki magotini, akipiga miayo. Mimi nilikuwa barazani na sindano yangu, nikijifanya sioni kitu.

Hassan alikuja asubuhi ya kwanza amevaa kofia yake nzuri, ile ya harusi. Wahindi wanne walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Maganlal akasimama mbele yao.

"Mikono juu," akasema.

Wenzake wakainua taratibu, wakivuta pumzi. Hassan akainua upesi, kipande chake, kile kitambulisho cha serikali, kikiwa tayari kwenye vidole vya mkono wa kulia. Hakuna aliyekiomba.

"Rudisha kwa mfuko, mzee," Ndambiri akamwambia akicheka. "Leo hakuna msako."

Wakaambiwa wavute pumzi, Hassan akavuta mpaka macho yakamtoka, akasahau kuitoa. Wakaambiwa wasimame kwa mguu mmoja, akakataa kwa adabu, akasema hata miwili aliyo nayo haijapatana. Kisha Maganlal akawaambia wapige magoti, wainame polepole, waweke kichwa chini. Wote walikuwa wameelekea mashariki, jua likiwajia usoni. Hassan akabaki wima.

"Paji langu naliweka chini kwa ajili ya Mungu peke yake," akasema. "Jua sitaliinamia."

"Mimi hapana sema abudu jua. Mimi nasema nyoosha mgongo."

"Basi nitaunyoosha nikiangalia kwangu."

Akauburuta mkeka wake, akaugeuza kaskazini kwenye Kibla, akainua mikono juu kama alivyofundishwa.

Hapo Ndambiri akaruka hadi sanduku likapinduka. Ukiwa Embu ukaelekea Makka, mlima unakuwa mbele yako, na asubuhi ile ulikuwa wazi kabisa, theluji yote nje. Na ilisemwa kwamba wale wa msituni huomba vivyo hivyo, wameuelekea mlima huo wa Kirinyaga, mikono juu. Kuna watu waliopelekwa kizuizini kwa madogo kuliko hayo.

"Mzee! Wewe unaomba mlima!"

"Naelekea Makka."

"Makka gani iko Kirinyaga?"

"Iko nyuma yake," nikadakia kutoka barazani. "Mbali sana nyuma yake."

"Mama, wewe shona."

Sikuwa na kicheko tena. Niliogopa. Nilimfikiria Rahema amesimama nje ya waya wa kambi na sufuria ya chakula. Maganlal alianza kukunja mikeka. Ndambiri hakuwa mtu mbaya, ila aliwaogopa wakubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye.

"Kama wewe ni Mwislamu, omba kama Mwislamu nione," akasema.

Hassan akaomba kiti.

"Kiti ya nini? Mimi nimeona watu ya Majengo siku ya Ijumaa. Wanaenda chini. Mwislamu ya kiti sijaona."

Hassan akaitazama bunduki, kisha akasema ni lazima atawadhe kwanza. Bunduki inangoja, na yeye anasukutua mdomo mara ya kwanza, mara ya pili, bila haraka yoyote. Miguu hakuifikia. Maganlal, yule yule wa leso, akachuchumaa akamwosha.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda, kwa hiyo akanuia rakaa mbili za sala ya dhuha. Akainua mikono, na bunduki nayo ikainuka. Akarukuu kidogo, jasho likamtoka. Kisha akashuka goti moja, akashuka la pili, akatandaza viganja mkekani, akaiachia pumzi polepole kama alivyosikia Maganlal akisema, akaendelea kushuka. Kutoka kule barazani niliusikia mgongo ukilia. Paji likafika chini, naye akatulia.

Alikaa hapo muda mrefu.

"Basi, mzee," Ndambiri akasema. "Nimeona. Inuka."

Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, huyu amekufa?"

"Anasali. Haruhusiwi kukujibu."

"Na mbona hainuki?"

Sikujua. Nilidhani mgongo umemkwamia na tutambeba hivyo hivyo hadi Majengo. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia. Nami nikalia, sindano mkononi, na sioni haya kusema.

Alimaliza rakaa zote mbili bila kiti. Akatoa salamu kulia, kisha kushoto, na kushoto ndiko alikosimama Ndambiri, ambaye alidhani amesalimiwa yeye. Askari akashusha bunduki, akavua kofia.

"Na wewe pia, mzee," akasema.

Nilimsindikiza Hassan nyumbani. Njia nzima alilalamika, mara magoti, mara mkeka wa Maganlal ni mgumu. Rahema alikuwa mlangoni. Mistari ya ule mkeka ilikuwa imejichapa kwenye paji la Hassan, na vumbi juu yake. Dada akainua pembe ya leso yake amfute, kama anavyowafanyia watoto, na Hassan akamshika mkono.

"Liache kwanza," akamwambia.