Simu ilikuwa inatembea kutwa nzima ndani ya chumba kimoja Kabiro

Wakuu, niaje. Hii sijatunga, na mwenye ataona ni uongo ako na haki yake. Hata mimi sikutaka iwe ukweli.

Mwaka jana nilipata kibarua kwa research fulani. Watu wa Kibera na Kawangware wanawekewa app kwa simu, inahesabu hatua zao, halafu wakubwa wanajua mtaa gani unatembea na gani umekaa tu. Mimi nilikuwa wa kukagua data.

Kibera upande wa Ayany kila kitu kilikuwa sawa. Shida ilikuwa mshiriki mmoja wa Kabiro, huko Kawangware, dada anaitwa Akinyi, anafanya kazi ya nyumba.

Simu yake ilianza kutembea saa kumi na moja alfajiri. Ikipumzika ni kidogo tu, inaendelea mpaka jioni. Hatua elfu ishirini kwa siku.

Lakini kwa ramani haikuwa imesonga hata mita tano.

Supervisor akasema, "App imeharibika. Mtoe tu."

Sikumtoa. Nilikuwa naangalia hizo namba zikipanda.

Siku moja jioni, jua bado liko, nikaenda. Ploti ya mabati, mlango wa nne. Kufuli iko nje.

Na ndani, viatu. Vinafika mwisho wa chumba, vinageuka, vinarudi.

Nikapiga hodi.

Vikasimama. Halafu sauti ya mzee, karibu sana, kama ameweka mdomo kwa ufa wa mlango: "Geti bado iko wazi?"

Nikauliza, geti gani mzee?

"Ya kiwanda. Msimamizi akiuliza, mwambie niko njiani."

Viatu vikaanza tena.

Jirani, Mama Njeri, alikuwa anakata sukuma mlangoni kwake. Hata hakuinua kichwa. "Huyo ni babake Akinyi. Anaenda job."

Sikuweza kuondoka. Nikangoja.

Akinyi alifika giza likiingia. Alidhani nimetumwa na chief juu ya hiyo kufuli, akaanza kulia kabla nimsalimie. Simu ni yake, lakini alimwekea mzee mfukoni ndio ampigie mchana. Akili ya mzee ilikuwa imepotea pole pole. Miaka thelathini, wakiishi Kibera, alitembea kwa miguu kutoka huko mpaka kazini Industrial Area. Siku moja waliacha mlango wazi, akaenda. Walimpata siku ya tatu, amesimama mbele ya kiwanda kilifungwa kitambo.

"Nikikaa naye hatukuli," akaniambia. "Nikimfungia, nikisikia moto umeshika ploti yoyote, roho inanitoka. Wewe ungefanya nini?"

Nikamwita Mama Njeri.

Tulikubaliana na Mama Njeri akae na key, awe anamfungulia mchana, geti ya ploti ikiwa imefungwa. Wiki mbili baadaye nilimpata mzee nje, amekaa kwa stuli juani, ametulia. Hakunikumbuka.

Miguu yake ilikuwa bado inatembea chini ya stuli.

Ripoti ilipotoka, Kabiro ilipakwa rangi ya kijani. Watu wana afya, wanatembea vizuri. Siku hizi nikiona ramani kama hiyo najiuliza ni milango mingapi iko na kufuli.

Nilichojifunza: data ikikushangaza, usifute mtu. Enda ugonge.

Sasa wakuu, mwenye ako na mzazi wa hivyo, ukienda kazi unamwacha na nani? Jibuni kwa upole. Akinyi nimemtumia link, atasoma.