Dinari Yenye Tundu

Dinari ya kwanza nilipewa na mgeni katika hoteli ya Galu nilikokuwa nikihudumu mezani, mwalimu mstaafu wa Kitaliano aliyekuwa akija kila mwaka. Ilikuwa sarafu ndogo ya fedha ya Warumi wa kale, imeingia weusi kidogo, na usoni mwake kaisari mwenye ndevu za kusokotana.

Nikaifanyia yale ambayo watu wetu huifanyia sarafu ya fedha. Bibi zetu walivaa rupia shingoni. Mimi nikaipeleka kwa sonara wa Ukunda, akaitoboa juu ya kichwa na kuitia mkufu. Nikampa mke wangu siku ya Idi. Aliivaa akipika, akilima, akilala.

Miaka iliyofuata mwalimu aliniletea nyingine, moja moja. Alinifundisha kuzishika kingoni, nisizisugue kwa majivu wala ndimu, na nimtambue kila kaisari kwa pua yake na taji lake la majani. Niliishia kidato cha nne na nilipenda historia, lakini sikudhani ingenifuata hadi kijijini kwetu Mwabungo. Mke wangu akinikuta nimeinamia lenzi alicheka: "Wake wenzangu hawajambo, bwana? Mbona hawa wana ndevu?"

Siku moja nilimwuliza mwalimu habari za ile ya kwanza. Akasita, kisha akaniambia kweli: ikishatobolewa, wakusanyaji hawaitaki. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Dada zangu walikuwa wamekuja kufuturu. Mbele yao nikamwambia mke wangu, "Hebu ivue hiyo. Unaiharibu."

"Kwani ni mimi niliyeitoboa?" aliuliza polepole.

"Ivue. Hujui hata unachokivaa."

Aliivua, akaichomoa kwenye mkufu, akaiweka kando ya sinia ya mihogo. Wifi zake wakatazama chini. Tangu siku hiyo hakuvaa kitu shingoni, hata kwenye arusi ya binti yetu. Sikumwomba radhi. Nilimnunulia leso, nikajidanganya kwamba yametosha.

Mwaka huu mwalimu alikuja kula kwetu, sasa anatembea kwa mkongojo. Nikampangia dinari zangu juu ya kitambaa, isipokuwa ile moja.

"Ya kwanza iko wapi?" akauliza. Kiswahili chake ni kizuri siku hizi. Mke wangu alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama.

Nikaileta. Nilikuwa nimemvunjia mke wangu heshima mbele ya watu, na kumwomba radhi chumbani kusingelitosha.

"Hii niliitoboa mimi, kwa kumpenda," nikamwambia mgeni. "Kisha nikamwamuru aivue mbele ya dada zangu, kana kwamba kosa ni lake. Mke wangu, nisamehe."

Mwalimu akajishughulisha na sukari. Mke wangu akaondoka, nami nikadhani nimechelewa mno. Akarudi na mkufu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ameuhifadhi katika kikopo cha udi.

"Haya, nivalishe," akasema. "Lakini nishike kingoni, usije ukaniharibu."

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa.

Namshukuru Mungu kwa mgeni yule na kwa kila kaisari aliyeniletea. Asubuhi hii nimemwona mke wangu akipepeta mchele uani, na kaisari mwenye ndevu akirukaruka juu ya dera lake. Weusi wote umeshaanza kumtoka.