Majibu ya Odile

Kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, kwenye baa ya Verlene mtaani Tremé, New Orleans, mimi ndiye msoma maswali ya chemsha bongo. Nusu ni ya marais wa Marekani, nusu ya wanamuziki wa kwanza wa jazi. Alcide Fauria, fundi lipu mstaafu, alikuwa akijibu ya marais. Mkewe, Odile, alijibu ya muziki. Walishinda mpaka ikawa kero.

Odile alifariki Februari. Alcide akaendelea kuja peke yake, na maswali ya muziki akayaacha bila majibu. Verlene alivumilia mpaka wageni walipolalamika, wale wanaopanga nyumba walimofukuzwa majirani zetu kwa kupandishiwa kodi. Kanuni, walisema, ni timu ya watu wawili.

"Leo ndiyo mwisho, kipenzi," Verlene akamwambia. "Ukishinda, nitawaziba midomo. Ukishindwa, lete mwenzio au ubaki nyumbani."

"Nioe kwa ajili ya maswali?"

"Lete hata mbwa, mradi ajue jazi!"

Baa nzima ikacheka. Alcide hakucheka.

Rais ambaye hakuoa maisha yake yote? Aliandika Buchanan kabla sijamaliza kusoma. Akaenda sare na wageni, ambao ya marais yaliwashinda. Swali la mwisho likawa la muziki: mpiga korneti gani husimuliwa kwamba alifunika vidole kwa leso ili wenzake wasimwibie mtindo?

Niliona midomo ya Alcide ikitamka jibu, Keppard. Kalamu ilikuwa imelala mezani.

"Andika, Mzee!" nikapayuka, msoma maswali mzima. Verlene akanikata jicho.

Muda ukaisha. Wageni, waliokuwa wameandika jibu, wakashangilia.

Nikamkimbilia mlangoni. "Ulilijua! Hawa wanachukua kila kitu chetu, na wewe unawaachia?"

"Ya muziki niliyajua yote, kijana. Miaka yote." Akavaa kofia. "Nikiyaandika, itakuwa sikumhitaji Odile."

Jumatatu iliyofuata nilimwachia Verlene kipaza sauti, nikaenda kugonga kwa Alcide. Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu mtaa usiomtupa mtu wake. Alifungua mlango nusu. Ndani palinukia maharagwe mekundu.

Hotuba ikanipotea. "Twende, Mzee. Mimi nitakaa tu, tuwe wawili. Sitajibu kitu."

Akaitazama kofia yake msumarini, kama mtu anayelifikiria kweli ombi langu.

"Nina sufuria motoni," akasema, akafunga mlango polepole, kwa adabu.