Vikao vya Jumapili na Mwili Wangu

Nilitoka kwa daktari nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilikatiza mtaa wa Majengo bila kumsalimia mtu, nikiwahi kufika nyumbani Kizwite, maana habari niliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wawili, mimi na mke wangu.

Kwa miezi saba sikuwa mume kitandani. Ilianza baada ya baba kufariki, ukoo uliponichagua mimi, mtoto wa tatu, nisimamie shamba lake la kijijini Kaoze. Kaka yangu mkubwa alikasirika sana. Kila Jumapili baada ya misa ndugu walijaa sebuleni kwangu wakibishana nani alime wapi, nani kasogeza mpaka, hadi ugali wa ulezi ukapoa mezani. Siku moja kaka aliniita mwizi mbele ya wanangu. Nikilala na mke wangu mwili ulikaa kimya, na kadiri nilivyojilazimisha ndivyo ulivyozidi kukataa.

Nilidhani nimelogwa. Nilinunua unga wa mizizi, nikawa nauchanganya kwenye uji kwa siri, nikaambulia kuharisha. Nikaanza kujichelewesha kwenye karakana yangu ya useremala, nikirudi nimkute mke wangu ameshalala.

Daktari alikuwa binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Aliponiamkia shikamoo, nusura nigeuke nitoke. Nikamwambia kichwa kinauma. Akapima presha, akapima sukari, akakuta sawa, kisha akauliza kama kweli ni kichwa tu. Nikasema ukweli huku nikitazama viatu vyangu. Akauliza kama alfajiri nikiamka mwili nao huamka. Nikakubali, mara nyingi tu.

"Basi mwili wako haujafa, baba," akasema. "Niambie nyumbani kuna nini."

Nilimwaga yote. Akanieleza kwamba mwanamume anayeishi na hasira na hofu kutwa kucha, mwili wake huweza kugoma hata kama ni mzima, na kushindwa mara moja huzaa hofu ya mara ya pili. Akaniagiza nirudi na mke wangu.

Nilimkuta mke wangu uani anachambua maharage. Nilimsimulia nikiwa bado nimesimama, maneno yakikanyagana. Akaweka ungo chini.

"Baba watoto, mimi nilijua umepata mwanamke mwingine," akasema. "Mama yangu nilishamwambia."

Nikacheka, yeye akalia. Kisha akacheka yeye, nikalia mimi.

Jumamosi tulikwenda wote kwa shangazi, dada yake baba. Ya chumbani sikuyataja. Nilisema tu usimamizi wa shamba umenishinda na unanivunjia nyumba. Akanilaumu kwa kutosema mapema, akauchukua yeye. Vikao vikahamia kwake, na mbele yake hakuna aliyethubutu kupaza sauti. Kaka alinuna. Mpaka leo salamu zake ni fupi.

Wiki ya pili mvua ilitukuta ndani mchana, watoto wako shuleni, bati linapiga kelele hata hatusikilizani. Hatukuwa tumepanga lolote. Nilimwinamia sikioni nimwambie jambo, hata silikumbuki tena, akanishika shingo. Jamani, furaha ile! Niliimba karakanani jioni nzima, na mimi sina sauti.

Kwa daktari tulirudi wawili. Ziko siku mwili bado unagoma. Siku hizo namwambia mke wangu, tunaongea mpaka usingizi unatuchukua.