Lenzi Nyepesi na Tai wa Kyuso

Niliondoka Kasikeu Jumatano asubuhi kwa sababu mama yangu mdogo, Syombua, alikuwa amepoteza wanambuzi watatu, na Jumapili alitaka kumtaja jirani yake, Baba Kioko, mbele ya kanisa kuwa ndiye mwizi. Aliposema kwenye simu kwamba kuna tai mkubwa kwenye mwamba ng'ambo ya mto mkavu, nilimsihi asimtaje mtu mpaka nimpige picha huyo tai akila. Nisiwafiche: nilimtaka tai kuliko mbuzi.

Njia nzima mgongo uliniuma. Ni mgongo huohuo ulionifanya niuze lenzi yangu nzito nikanunua hii nyepesi, pamoja na konvata, kipande kifupi kinachokaa kati ya lenzi na kamera ili kuvuta mbali zaidi. Ubaya wa konvata ni kwamba inakula mwanga.

Jioni nilifika kwake Kyuso nimechoka hoi. Nikamweleza mama mdogo kwamba nitapiga saa sita, jua likiwa kali.

"Saa sita utaona nini?" akauliza. "Sisi mbuzi ikipotea tunapanda kilima asubuhi kuitafuta. Jua ikishika, huko mbali yote inacheza tu."

"Auntie, hii ni mambo ya kamera."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi nililala hadi jua likapanda, kisha nikakaa kilimani kuutazama mwamba. Tai alikuja mara mbili na kitu kuchani. Kila picha ilitoka imevurugika kama uji. Nikailaumu konvata, nikaitoa. Tai akawa nukta. Ijumaa ikawa vilevile. Nilichoka hata kukasirika.

Jumamosi alfajiri mama mdogo aliniamsha mwenyewe, tukapanda pamoja. Hewa ilikuwa baridi na imetulia. Niliegemeza lenzi juu ya jiwe kwa kuwa mwanga ulikuwa bado mdogo. Saa moja na nusu, mbuzi wakiwa wametoka zizini, tai akatua kwenye mwamba. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kuchani alishika kitoto cha mbuzi, na shingoni mwa kitoto hicho kulikuwa na kamba nyekundu ambayo mama mdogo huwafunga mbuzi wake wote.

Aliitazama picha, akaketi chini.

"Na Baba Kioko nimemsema kwa wamama wote wa kanisa," akasema. "Beba hiyo kamera twende."

Kwa jirani, Baba Kioko alituletea viti kabla hata ya kutuuliza shida. Mama mdogo aliomba msamaha huku akilia. Mzee alishika kamera kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu. Nilitarajia afurahi.

"Vile mlisema sana, hata mimi nikaanza kufikiria ni kijana yangu," akasema. "Jana jioni nilimchapa Kioko. Akakataa, nikaongeza."



Jumapili nilirudi Kasikeu, begi likiwa jepesi na mwili mzito. Wenzangu wa picha wananiuliza kama lenzi nyepesi na konvata zinafaa kwa wanyama wa mbali. Nawaambia zinafaa, ila wapige asubuhi, kabla ardhi haijapata joto na hewa kuanza kucheza. Sijamwambia hata mmoja kwamba hilo niliambiwa Jumatano, Kioko akiwa bado hajaguswa.