Shali Iliyoendelea Kufumwa

Niyatenge mambo kabla sijaanza. Niliyoyaona kwa macho yangu ni shali ya sufu ya buluu, kulabu ndefu ya kuifumia, na watu wanne wa nyumba ya dada yangu mjini Garissa, mmoja wao akiwa amekwisha kuzikwa nilipoanza kuangalia. Niliyoyasikia ni mengine yote: kwamba kulabu ilisikika ikigongagonga chumbani bila mtu, kwamba marehemu alionekana kisimani akiteka maji, kwamba mbuzi wa jirani walikataa kupita mbele ya dirisha lake. Hayo nayaandika mara hii moja tu, ili msomaji ajue kwamba yalisemwa. Sitayatumia.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kukichukua Kisomali cha shahidi na kukiweka mikononi mwa hakimu kikiwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. Shahidi aliposema "nilisikia", hakimu aliweka kalamu chini. Nami nilijifunza kuiweka yangu. Mazungumzo yaliyomo humu yalifanyika kwa Kisomali, isipokuwa yale ya mwalimu mmoja nitakayemfikia, na nimeyatafsiri kwa mkono uleule.

Marehemu alikuwa binti pekee wa dada yangu. Alikufa kwa homa katika ile miaka ya tisini, baada ya mvua kubwa zilizoukata mji na barabara zake. Kaburi lake nililiona likichimbwa. Udongo ulikuwa ukijaa maji kila jembe lilipoinuka. Tuliporudi nyumbani niliingia chumbani mwake kutafuta msahafu, nikaiona shali juu ya mkeka. Alikuwa akimfumia mama yake kwa ajili ya asubuhi za baridi. Kulabu yake ilikuwa ndefu kama kijiti cha kupigia ngoma, na urefu wake wote ulikuwa umejaa vitanzi vya uzi vilivyopangana kama shanga za tasbihi. Sikujua maana yake wakati huo. Baadaye nilifundishwa kwamba katika ufumaji ule, kila safu hufanywa kwa safari mbili: kwanza mfumaji huenda, akikusanya vitanzi vyote kwenye kulabu bila kukiachia hata kimoja, kisha hurudi, akivitoa kimoja baada ya kingine mpaka kibaki kimoja tu. Binti yule alikuwa amekwenda. Hakuwa amerudi.

Niliporudi kwa dada yangu baada ya siku za matanga, niliiangalia tena shali ile. Kulabu ilikuwa na kitanzi kimoja.

Nilimuuliza dada yangu nani ameigusa. Alikuwa akichoma ubani mlangoni, na alinijibu bila kuinua uso kwamba ni kazi ya binti yake, na binti yake ndiye anayeiendeleza. Alilisema jambo hilo kama mtu anavyosema kwamba maziwa yamechemka. Sikumuuliza zaidi. Wakati ule niliona ni huruma kumwacha. Leo naona kwamba niliacha swali lililokuwa wazi mbele yangu.

Wiki zilizofuata shali ilikua. Hilo nililiona mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nikifika kila Ijumaa baada ya swala na kuipima kwa kiganja. Na shali ilipokua, maneno nayo yalikua kwa kasi kubwa zaidi. Kwenye kibanda cha chai karibu na soko la ngamia, dereva mmoja wa lori alinihadithia habari za nyumba ya dada yangu bila kunijua. Nilimuuliza kama ameona. Akasema ameambiwa na utingo wake. Nikamwita utingo, naye ameambiwa na mwenye duka katika mji wa Modogashe. Mwenye duka wa Modogashe hakuwahi kufika Garissa tangu mvua.

Kama maneno yangeishia kwa mzuka, ningeyaacha yajichokee. Lakini mzuka humchosha mtu, na watu wakichoka humtafuta aliye hai wa kumlaumu. Katika nyumba ile alikuwamo mtu mmoja tu aliyejulikana kuufahamu ufumaji ule: mke wa mpwa wangu, yaani wifi yake yule binti aliyekufa. Yeye na marehemu walisoma pamoja shule ya bweni ya wasichana, wakafundishwa pamoja na mwalimu mmoja, na ni marehemu aliyemtafutia kaka yake mchumba kutoka miongoni mwa rafiki zake. Sasa wanawake wa mtaa walisema ndiye anayeongeza safu, ama kwa uchawi ama kwa kumfanyia kejeli mama aliyefiwa. Mpwa wangu alikuwa kijana mwenye haya. Hakuweza kupita sokoni bila kuona vichwa vikigeuka. Akaamua kumrudisha mkewe kwao Modogashe, na kama watu wa huko wangejua amerudishwa kwa kosa gani, asingeolewa tena wala kukaa kwa amani. Dada yangu aliambiwa tu kwamba mkwewe anakwenda kuwasalimia wazazi.

Nilimwita mpwa wangu barazani kwangu. Alibaki amesimama.

"Abti," aliniambia, kwa kuwa mimi ni kaka wa mama yake, "usinisomee sheria. Mimi naishi katika nyumba ile."

"Umemwona akifuma?"

"Nani mwingine anaweza?"

"Hilo si jibu. Umemwona?"

Alitazama viatu vyake. Nikamwomba asimpandishe mkewe lori lolote mpaka nimpe neno langu, na kama neno langu lingekuwa dhidi ya mkewe, ningekwenda naye Modogashe mimi mwenyewe kulisema mbele ya baba yake. Alikubali, ingawa begi la mkewe lilikuwa limekwisha kufungwa, na lilibaki limefungwa karibu na mlango siku zote hizo.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa umri wangu alishika kulabu. Mahakamani niliwahi kumtafsiria mjuzi wa maandishi aliyeitwa kuthibitisha saini. Alisema kila mkono una mwendo wake. Niliona kwamba kama mkono hujulikana katika wino, lazima ujulikane katika uzi. Lakini mimi mbele ya shali ile nilikuwa kama asiyejua kusoma mbele ya hati. Ningeweza kumwomba mtu anisomee. Hapo ningekuwa nimesikia tu, sijaona.

Kulabu ndefu haikupatikana madukani. Nilimwendea fundi anayechonga kengele za mbao za ngamia, nikamchorea ninachotaka: kijiti laini, ncha yenye ndoana, kifundo mwishoni ili vitanzi visidondoke. Aliugeuza mchoro huku na huku.

"Adeer, umeanza kula samaki?" aliniuliza, akiniita ami kwa heshima.

Waliokuwapo walicheka, kwa sababu wafugaji wetu humwona mla samaki wa mto kama mtu aliyefilisika. Nilimwambia achonge. Alichonga vizuri.

Mwalimu aliyewafundisha wale wasichana wawili alikuwa mama kutoka Meru. Alinipokea kwenye veranda ya ofisi ya walimu, wakati wa alasiri, walimu wengine wakiwa karibu wakisahihisha madaftari. Hakucheka. Alisema ufumaji ule unaitwa krosheti ya Kitunisia. Nilipouliza kama umetoka Tunisia kweli, alisema hajui, na hapo nikamwamini kwa yaliyosalia.

Alinianzishia mnyororo wa vitanzi, kisha akanionyesha kuiingiza ncha, kuvuta uzi, na kukiacha kitanzi kwenye kulabu. Vidole vyangu vilikuwa vigumu. Nilikaza uzi kiasi kwamba ncha haikupenya tena.

"Mzee, legeza," aliniambia. "Hufungi mbuzi."

Jambo lililonishangaza ni kwamba kazi haigeuzwi. Katika ufumaji mwingine niliouona, mtu akifika mwisho hugeuza kitambaa na kuanza upande wa pili. Huu hapana. Uso wa kitambaa hukutazama muda wote, wewe ukienda na kurudi mbele yake, na kila kitanzi huacha kijiti cha uzi kilichosimama wima. Katika safu inayofuata, ncha hupita nyuma ya vijiti hivyo kimoja kimoja. Nilipofanya kazi ile peke yangu nyumbani, nilianza kusikia katika ukimya wa chumba mahali ambapo mtu mwingine angevuta pumzi. Sisemi kwamba palikuwa na mtu. Nasema nilinyamaza kumsubiri.

Kitambaa changu cha kwanza kilijikunja kama jani kavu, na kilikuwa na kasoro nyingine ambayo sikuiona mpaka mwalimu alipokinyoosha gotini. Chini kilikuwa kipana. Juu kilikuwa chembamba, kikipungua upande wa kushoto kama mteremko. Nikasema labda uzi umeisha nguvu. Akanionyesha. Kijiti cha mwisho wa kila safu hujificha pembeni, kimelala ubavuni, na mwanafunzi mpya hukipita bila kukiona. Kila safu hupoteza kitanzi kimoja, huku yeye akiamini amevifuma vyote.

"Wote huanza hivyo?" nilimuuliza.

"Wote. Wale mabinti wako nao walianza hivyo, lakini nikishamwonyesha mtu, harudii. Jicho likikiona, halikiachi."

Ijumaa iliyofuata niliingia chumbani mwa marehemu nikiwa na kitambaa changu mfukoni. Shali ilikuwa na joto nilipoishika, kama kitu kilichotoka mapajani mwa mtu. Lakini paa lilikuwa la mabati na jua lilikuwa kali, kwa hiyo silihesabu joto hilo. Niliitandaza. Sehemu ya chini, aliyoifuma marehemu, ilikuwa na kingo zilizonyooka kama ukuta. Kutoka pale kulabu ilipokuwa imejaa siku ya mazishi, ukingo wa kushoto uliingia ndani, ukaingia tena, ukaendelea kuingia. Niliweka kitambaa changu kando yake. Mteremko ulikuwa mmoja.

Haukuwa mkono wa marehemu. Ulikuwa mkono wa mtu anayejifunza.

Nilimwita mke wa mpwa wangu uani, mbele ya mumewe, nikampa uzi mwingine na kulabu yangu. Sikumwambia ninachotafuta. Alifuma huku machozi yakimdondoka, wala hakuitazama kazi. Na kila mwisho wa safu vidole vyake vilikitafuta kile kijiti cha ubavuni na kukikamata. Nilimweleza mpwa wangu maana yake. Alisikiliza vizuri, kisha akasema kitu ambacho wakili yeyote angekisema.

"Abti, anayejua anaweza kukosea kwa makusudi."

Alisema kweli. Hoja yangu ilionyesha tu kwamba shali inafanana na kazi ya mwanagenzi. Usiku huo mpwa wangu alilala na begi lile mlangoni, na mkewe alilala akilitazama.

Kilichobaki kilikuwa kushuhudia. Katika mji wetu, baada ya adhuhuri na chakula, watu hujilaza. Milango hurudishwa, mbuzi husimama wamejibana ukutani kufuata kivuli, na mtu anaweza kuvuka mtaa mzima asionwe. Nilifikiri kwamba kama kuna mkono, utafanya kazi saa hiyo. Nikawa nakuja kwa dada yangu nikisema barabara ina joto, nikikaa kwenye kiti ukumbini mahali pa kuuona mlango wa chumba kile. Siku za mwanzo hakikutokea kitu. Nilisikia nzi, na bati likilia kwa kupanuka.

Siku nyingine nilisikia sauti ya mtu akizungumza chini kwa chini ndani ya chumba, akinyamaza kidogo, kisha akiitikia. Nilisogea mpaka mlangoni. Dada yangu alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, shali mapajani. Kulabu ilikuwa ikienda. Uso wake uliinama upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, kama mwanafunzi anayesubiri kuambiwa.

Nilirudi nyuma nikamgusa bega mpwa wangu, aliyekuwa amejilaza chumba cha pili, akaamka, tukasimama mlangoni pamoja. Mkewe alikuja nyuma yetu. Alikuwa ameshika begi. Alidhani ameitwa aondoke.

"Hooyo," mpwa wangu alimwita mama yake, "kumbe ni wewe?"

Dada yangu hakushtuka. "Mikono ni yangu," alisema. "Mlidhani amekuja na mikono? Mikono yake tumeizika."

"Mbona hukuniambia, walaal?" nilimuuliza, kwa neno letu la ndugu.

"Uliniuliza nani ameigusa, nikakwambia kazi ni ya nani. Hukuuliza tena." Kisha akaliona begi. "Hilo la nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi, na naamini alielewa, lakini sikuambiwa, kwa hiyo sisemi alielewa nini. Alimwambia mwanawe alichukue lile begi alirudishe lilikotoka. Mpwa wangu alilichukua mkononi mwa mkewe. Nilisikia zipu ikifunguliwa katika chumba cha pili, na nguo zikitolewa.

Dada yangu akampungia mkwewe. "Njoo unionee hapa. Upande huu unanishinda, unazidi kuwa mwembamba. Ananieleza lakini sielewi."

Msichana aliingia, akaketi kushoto kwake, akanyoosha mkono kuushika ukingo wa shali.

"Sogea kidogo," dada yangu alisema. "Umemkalia."

Msichana aliutazama mkeka pale alipokaa. Akanitazama mimi, kama mashahidi walivyokuwa wakinitazama wasipojua kama wajibu swali. Kisha akaikusanya nguo yake, akajiinua kwa viganja, akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.